Ya Kufanyia Nini? Kauli ya Kutendea na Uteuzi wa Sehemu za Kompyuta ya Kwanza Wilayani Same

1.0 Utangulizi

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana kuwa haliwahusu wanaisimu: namna ya kuteua sehemu za kompyuta ya kwanza, itakayotumika kwa michezo na kwa uhariri wa video. Sababu ya kulileta jambo hili katika jarida la lugha ni kwamba uteuzi huo hufanywa kwa maneno. Mnunuzi anayeteremka kutoka Suji, Mamba au Chome kuja Same mjini, au anayemtuma ndugu yake kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, hana chombo cha kupimia sehemu anazouziwa. Alicho nacho ni majina yake tu. Jina likiwa na maana mbili, fedha ya mavuno ya tangawizi hulipwa kwa maana moja na kifaa hufika nyumbani kwa maana nyingine.

Hoja yetu kuu ni kwamba Kiswahili kina chombo cha kisarufi kinachoweza kumlinda mnunuzi huyo, nacho ni kauli ya kutendea. Tusemapo "kisu cha kukatia" au "maji ya kunywea dawa", mofimu ya utendea hutaja kazi ambayo kitu hicho kinasaidia kufanya. Mnunuzi akikiuliza kila kifaa swali la "ya kufanyia nini?", majina yenye utata huanza kutengana. Katika sehemu zifuatazo tutaonyesha jinsi swali hilo linavyofanya kazi kwa kumbukumbu, prosesa, kadi ya michoro na vifaa vya umeme, kisha tutatoa mfano mmoja kamili wa uteuzi.

Yafaa kusema mapema kwamba jambo hili si anasa. Kompyuta ambayo kijana huichezea mpira wa miguu jioni ndiyo hiyo hiyo inayohariri video za harusi na za kwaya za milimani. Aidha, ndiyo inayoweza kuhifadhi masimulizi ya wazee wanaosema Chasu katika Upare wote, na Kigweno katika Ugweno, wilayani Mwanga. Kigweno, ambacho Guthrie alikipa nambari E65 ilhali Chasu alikipa G22, ni lugha ya wasemaji wachache. Saa moja ya masimulizi ikipotea kwa sababu ya diski mbovu, huenda msimulizi mwenyewe hayupo tena wa kurekodiwa upya.

2.0 Usuli wa istilahi

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na kwa miaka mingi iliyofuata chombo hiki kikabaki mbali na watumiaji wa kawaida. Kilipoanza kuenea baada ya marufuku hiyo kuondolewa, kilikuta Kiswahili kina asasi za istilahi, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyoanza mwaka 1970 na ambayo tangu mwaka 2009 imekuwa sehemu ya TATAKI.

Hatua kubwa ilikuwa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kazi hiyo ilihusu programu, yaani maneno yanayoonekana kwenye skrini: faili, hariri, hifadhi, bandika. Maneno ya vifaa vilivyomo ndani ya kasha yaliachwa zaidi mikononi mwa wauzaji na mafundi. Hivyo leo darasani twasema "kichakataji" na "bodimama", na dukani twasikia "prosesa" na "madabodi". Tofauti hiyo ya maumbo haina madhara makubwa, kwa kuwa maneno yote mawili huelekeza kwenye kitu kimoja. Madhara huja pale neno moja linapoelekeza kwenye vitu viwili.

3.0 Utata wa "memori"

Tuchunguze sentensi hizi:

(1) Naomba kompyuta yenye memori kubwa.
(2) Hii ina memori ya gigabaiti 500.
(3) Hii ina memori ya gigabaiti 8.

Sentensi (2) na (3) zaweza kuwa zinaelezea kompyuta moja na zote zikawa za kweli. Gigabaiti 500 ni za diski, na gigabaiti 8 ni za RAM. Mnunuzi aliyesema sentensi (1) akijibiwa kwa sentensi (2), ataondoka ameridhika, kumbe hajaambiwa lolote kuhusu kile anachokihitaji zaidi.

Kwa kutumia kauli ya kutendea twapata istilahi mbili zisizogongana: kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM, na diski ya kuhifadhia. Ya kwanza husahau kila kitu umeme ukikatika. Ya pili hutunza.

Kwa msomaji wa Same tofauti hii yaweza kufundishwa kwa neno la Chasu ambalo limezoeleka pia katika Kiswahili cha huko, nalo ni "ndiva". Ndiva ni bwawa dogo la kienyeji la kumwagilia, kama lile la Manoo katika kijiji cha Bangalala. Maji ya mfereji huwa kidogo mno kufika shamba la mbali yakitiririka yenyewe. Kwa hiyo hukusanywa ndivani usiku, kisha mchana hufunguliwa kwa nguvu. Hakuna anayeichukulia ndiva kuwa ghala la mwaka mzima. Hujaa na kutoka kila siku, na ukubwa wake ndio unaoamua maji yafike umbali gani. RAM ni ndiva. Diski ni ghala.

Hesabu yaonyesha kwa nini ndiva hiyo ni ya lazima katika uhariri wa video. Picha moja ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Kila pikseli ikichukua baiti 3, picha moja huwa na takriban megabaiti 25. Kwa picha 25 kila sekunde, mkondo huo ni takriban megabaiti 622 kwa sekunde. Lakini faili lenyewe, likiwa limebanwa kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde, hutoka kwenye diski kwa megabaiti 12.5 tu kwa sekunde, kwa kuwa biti 8 hufanya baiti 1. Hapa tunaona kwamba mkondo huwa mdogo unapotoka ghalani, kisha huvimba mara hamsini hivi ukishafumuliwa. Uvimbe huo hubebwa na prosesa, RAM na kadi ya michoro. Kwa hiyo mtu anayeongeza diski ili video isikwamekwame anapanua ghala wakati tatizo liko kwenye ndiva.

Kwa uhariri wa video za kawaida za pikseli 1,920 kwa 1,080, RAM ya gigabaiti 16 yatosha kuanzia. Kwa 4K ni vizuri kufika 32. Vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa huvisoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Vile vile ikumbukwe kwamba DDR4 na DDR5 haziingiliani: kipande cha moja hakikai katika nafasi ya nyingine. Tena mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani, hivyo kosa katika uteuzi huu limekuwa ghali zaidi.

Kwa upande wa diski ya kuhifadhia, utata mwingine umo katika jina "M.2". Jina hili hutaja umbo la kifaa tu, wala halitaji kasi yake. SSD yenye umbo la M.2 yaweza kuwa ya SATA, ambayo kasi yake hufikia takriban megabaiti 550 kwa sekunde, au ya NVMe, ambayo hata ile ya kizazi cha PCIe 3.0 hufikia takriban 3,500. Diski ya zamani ya kuzunguka hutoa kama 150. Hii ya mwisho bado yafaa kwa kutunzia kumbukumbu zilizokamilika, lakini haifai kwa kuhariria, kwa kuwa hupoteza muda mwingi kila mhariri anaporuka kutoka sehemu moja ya video hadi nyingine.

4.0 Mofolojia ya majina ya prosesa

Dukani neno "i7" hutumiwa kana kwamba ni kipimo cha nguvu. Husemwa kwamba i7 ni kubwa kuliko i5, na i5 ni kubwa kuliko i3. Kimofolojia, hata hivyo, hicho ni kipashio kimoja tu cha jina, tena si kile chenye uzito mkubwa. Katika i7-4790 tarakimu 4 iliyo mara baada ya kistari huonyesha kizazi cha nne. Katika i3-12100 tarakimu 12 huonyesha kizazi cha kumi na mbili. Zote mbili zina viini vinne, lakini i3 hiyo, iliyotoka mwaka 2022, hufanya kazi kwa kasi zaidi kuliko i7 ya mwaka 2014. Muuzaji anayetaja "i7" peke yake ametaja ukoo bila kutaja umri.

Umri huo una athari nyingine. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za kawaida za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini ng'ambo zina prosesa za kizazi cha nne au cha sita. Mnunuzi wa kompyuta hizo yampasa ajue kwamba atahitaji mfumo kama Linux. Tena ajue kwamba programu ya DaVinci Resolve ya bure, ikiwa juu ya Linux, haifungui video za H.264 na H.265, ambazo ndizo zitokazo kwenye simu nyingi. Kdenlive, ambayo pia ni ya bure, huzifungua.

Jambo linalomvutia zaidi mwanaisimu ni herufi za mwishoni, ambazo zaweza kuchukuliwa kama viambishi tamati. Prosesa ya i5-12400 ina uwezo wa kutoa picha kwenye skrini bila kadi, i5-12400F haina. Herufi F ni alama ya ukanushi. Katika Ryzen 5 5600 na 5600G za AMD, mambo ni kinyume: jina lisilo na herufi ndilo lisilotoa picha, na herufi G ndiyo inayoonyesha kuwapo kwa uwezo huo. Kampuni moja imeweka alama kwenye upungufu, nyingine imeiweka kwenye nyongeza. Kisha katika mfululizo wa Ryzen 7000, AMD nayo ikaanza kutumia F kwa maana ya ukanushi, kama katika 7500F. Mnunuzi asiyezijua kanuni hizi aweza kufika nyumbani na prosesa nzima kabisa, akaiwasha kompyuta, na skrini ikabaki nyeusi.

Swali la kutendea hapa ni: je, prosesa hii ni ya kukokotolea tu, au ni ya kukokotolea na kuonyeshea pia?

5.0 Kadi ya michoro: jina moja, vitu viwili

Kadi ya michoro ni "ya kuchorea". Katika michezo huchora kila picha upya, pengine mara 60 kwa sekunde. Katika uhariri husaidia kufumua video, kurekebisha rangi na kuibana tena video iliyokamilika. Hapa homonimia imekithiri. Kadi iitwayo GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5 yenye mkondo wa gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye jina lile lile lakini kumbukumbu ya DDR4, na mkondo wake ni gigabaiti 16.8 tu. Kadi zote mbili hazina kipande cha kubania video, hivyo mhariri anayezinunua hapati msaada alioutarajia.

Hali kadhalika RTX 3060. Ile iliyotoka mwaka 2021 ina gigabaiti 12. Ile ya gigabaiti 8, iliyofuata mwaka 2022, ina pia njia nyembamba zaidi ya kupitishia data, biti 128 badala ya 192. Tofauti yao si ya kumbukumbu peke yake, ingawa jina na gigabaiti ndivyo vinavyoonekana kwenye tangazo. Kwa hiyo haitoshi kutaja jina la kadi. Itajwe pamoja na kiasi cha kumbukumbu yake, aina ya kumbukumbu hiyo na upana wa njia.

6.0 Vifaa vya umeme, joto na vumbi

Same mjini ni mahali pa joto na ukame, ingawa milima iliyo juu yake ni ya baridi na misitu, na kilele cha Shengena hufikia karibu mita 2,460. Kompyuta ya tambarare huvuta vumbi kila feni inapozunguka. Kwa sababu hiyo kasha la kuwekea vifaa lichaguliwe kwa kuangalia vichujio vya vumbi vinavyoweza kutolewa na kusafishwa, kabla ya kuangalia taa za rangi. Feni za kuingizia hewa zikizidi za kutolea, hewa nyingi hupita kwenye vichujio hivyo badala ya kunyonywa na nyufa.

Pawa saplai ni "ya kugawia umeme", na ndiyo sehemu ambayo wanunuzi wengi huipa fedha inayobaki mwishoni. Huo ni mpango wa hatari, kwa kuwa ikiharibika yaweza kuharibu na sehemu nyingine. Mwenye kununua kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye kasha dogo aangalie zaidi: mara nyingi pawa saplai yake ni ya umbo la pekee, wati zake hazikidhi kadi ya michoro, na kadi yenyewe haina pa kukaa.

Kuhusu UPS, utata umo kati ya VA na wati. Kifaa kilichoandikwa 650 VA chaweza kutoa takriban wati 360 tu. Mnunuzi aulize wati, kwani ndizo zinazolinganishwa na mahitaji ya kompyuta. Na UPS si ya kufanyia kazi gizani kwa saa nzima. Ni ya kumwezesha mhariri kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

7.0 Mfano wa uteuzi

Tuchukue mnunuzi anayetaka kucheza michezo na kuhariri video za kwaya na za masimulizi kwa pikseli 1,920 kwa 1,080, mara chache 4K. Uteuzi ufuatao wafaa:

(a) Prosesa: Ryzen 5 5600, yenye viini sita, kwenye bodi ya AM4 kama vile B550. Kwa kuwa jina halina G, kadi ya michoro ni ya lazima.
(b) Kumbukumbu ya kufanyia kazi: DDR4, vipande viwili vya gigabaiti 8, huku nafasi mbili zikiachwa kwenye bodi kwa ajili ya baadaye.
(c) Kadi ya kuchorea: RTX 3060 ya gigabaiti 12.
(d) Diski ya kuhariria: SSD ya NVMe ya terabaiti 1.
(e) Diski za kutunzia: mbili za kuzunguka, zenye nakala zinazofanana, moja ikihifadhiwa katika nyumba nyingine.
(f) Pawa saplai: wati 550, ya kampuni inayojulikana.

Hesabu ya umeme ni hii: prosesa, kwa kukadiria kwa usalama, wati 90, kadi wati 170, sehemu nyingine wati 60. Jumla ni 320. Pawa saplai ya wati 550 haitafanya kazi kwa kujikamua. Tukiongeza skrini ya wati 30 twapata 350, hivyo UPS ya wati 360 haiachi nafasi yoyote. Itafutwe ya wati 600.

Hesabu ya hifadhi ni hii: kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ya video ni gigabaiti 45. Terabaiti 1 itajaa kwa saa 22 hivi. Anayerekodi wazee wa Ugweno kwa mwezi mmoja aweza kuijaza kabla ya mwezi kwisha. Ndiyo maana kipengele (e) hakiwezi kuahirishwa. Fedha zikipungua, ni afadhali kupunguza kadi ya michoro, kwa mfano kuchukua RX 6600 ya gigabaiti 8 ikiwa bei yake ni ndogo, kuliko kuacha nakala ya pili. Mchezo unaokwenda polepole waweza kuchezwa tena kesho.

Aidha, AM4 ni jukwaa lililoanza mwaka 2016, na DDR5 haiingii kwenye bodi zake. Mwenye uwezo mkubwa zaidi, anayetaka kubadilisha prosesa baada ya miaka kadhaa, afikirie AM5, iliyotoka mwaka 2022 na inayopokea DDR5 peke yake.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba makosa mengi katika ununuzi wa kompyuta ya kwanza yana asili ya kisemantiki. Tumeona neno moja kwa vifaa viwili katika "memori", umbo likichukuliwa kuwa kasi katika "M.2", ukoo ukichukuliwa kuwa nguvu katika "i7", na jina moja likibeba bidhaa mbili katika GT 1030 na RTX 3060. Kauli ya kutendea haiondoi utata wote, kwa maana haiwezi kumwambia mnunuzi kama F ni ukanushi. Lakini humlazimisha muuzaji kutaja kazi, na kazi ikishatajwa kipimo chake chaweza kuulizwa.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, waundaji wa istilahi warejee kwenye vifaa vya ndani ya kasha, na wayaweke majina ya utendea, kama "kumbukumbu ya kufanyia kazi" na "diski ya kuhifadhia", kuwa vidahizo vya kamusi badala ya kuyaacha kama maelezo tu. Pili, walimu wa Kiswahili wa shule za sekondari watumie orodha za sehemu za kompyuta kama data ya kufundishia mnyambuliko wa vitenzi. Mwanafunzi wa Same anayejua kwa nini husemwa "kuchorea" kwa e na "kuhifadhia" kwa i amejifunza ulinganifu wa irabu. Akijua na lile linalochorewa na lile linalohifadhiwa, ataweza kumsaidia mzazi wake dukani.